Posa ya Malale

Malale Manyanda alipofika miaka kumi na tisa, neno alilolisikia mara nyingi kuliko jina lake mwenyewe lilikuwa "inama." Inama, mlango huo. Inama, kamba ya nguo. Inama tukunyoe. Alikuwa mrefu kiasi kwamba ng'ombe wa baba yake wakiingia vichakani huko Misunkumilo, yeye alikuwa ameshawaona kabla wenyewe hawajajua kama wamepotea. Baba yake, Mzee Manyanda, aliyehamia Mpanda na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, hakuona ajabu yoyote katika urefu huo.

"Babu yake alikuwa hivyohivyo," alikuwa akisema. "Alikuwa anarina asali bila ngazi."

Siku moja mwaka 1994, Malale alitumwa mjini kununua tyubu ya baiskeli. Alikwenda kwenye duka la Tamimu, karibu na stesheni ya reli. Tamimu alining'iniza tyubu na matairi darini, na alikuwa na upondo wenye ndoano wa kuyatungulia. Alipogeuka kuuchukua, akasikia mtu akiuliza nyuma yake, "Ni hii?" Malale alikuwa ameshaishika tyubu, na wala hakuwa ameunyoosha mkono sawasawa.

Tamimu aliuweka upondo chini taratibu, kama mtu aliyemwona chui akawa hataki kumshtua.

"Kijana, we mtoto wa nani?"

"Wa Mzee Manyanda, Misunkumilo."

"Nyumbani mpo wangapi?"

"Saba."

"Wote mko hivi?"

"Hapana, mzee. Dada yangu Christina ananifuatia, ila yeye anapita mlangoni."

Tamimu alikuwa na simanzi moja maishani mwake. Alijifunza mpira wa kikapu jeshini, zamani, vijana walipopelekwa huko kwa mujibu wa sheria, ukamwingia damuni. Kisha akaoa, akafungua duka Mpanda, akakuta watu wote wanapenda mpira wa miguu. Kwa kubembeleza na kutoa soda alikuwa amekusanya vijana tisa wa mtaa wa Kawajense akawaita timu. Mrefu wao alikuwa Method, fundi seremala, na sehemu kubwa ya urefu wa Method ilikuwa nywele.

"Tyubu hiyo chukua tu," Tamimu alisema. "Ila jioni uje Kawajense."

Uwanja wa Kawajense ulikuwa wa saruji, na ulikuwa na goli moja. Zamani yalikuwepo mawili, lakini lori la tumbaku lilirudi nyuma vibaya likaangusha la pili, na nguzo yake ikaishia kuwa boriti ya banda la mtu ambaye kila mmoja alimjua na hakuna aliyemtaja. Tangu hapo timu zote mbili zilikuwa zikifunga goli hilohilo moja, la upande wa stesheni. Walikuwa wamezoea, hawakuona tatizo.

Siku ya kwanza Malale alipewa mpira, akaushika, akabaki ameushika. Wenzake walimrukia, wakamning'inia mikononi kama mashuka kwenye kamba, naye akawa anawaangalia kwa huruma.

"Dunda!" Tamimu alipiga kelele.

"Kwa nini niudunde wakati nimeshaupata?"

Ilimchukua wiki nzima kukubali kwamba mtu anaweza kukuachia kitu kwa hiari halafu kikarudi mkononi. Lakini alipokubali, mambo yalikuwa mepesi. Sheria inampa mchezaji hatua mbili baada ya kushika mpira. Hatua mbili za watu wengine zilikuwa za kutoka hapa mpaka pale. Hatua mbili za Malale, za mtu aliyezoea kuvuka mito ya Misunkumilo bila kulowa, zilimtoa katikati ya uwanja zikamfikisha chini ya goli, na pale alikuwa anainua mikono na kuuzamisha mpira kwenye ringi kama mama anayetumbukiza kiazi kwenye sufuria. Kazi ya Method ikawa moja tu: kumpa Malale mpira. Waliwafunga walimu, wakawafunga watu wa reli. Waliwaalika vijana wa Kibaoni, nao walipofika na kumwona Malale akifanya mazoezi, wakasema wao kumbe walikuja sokoni.

Mwaka uliofuata Tamimu aliwapakia kwenye treni kwenda Tabora kwenye mashindano. Kwenye behewa la daraja la tatu, miguu ya Malale ilikaa kwenye njia, na kila muuza mayai aliyepita aliiruka na kuomba samahani.

Mechi yao ya kwanza ilikuwa dhidi ya Nyuki, timu ya kampuni moja ya asali na nta, yenye jezi za njano na kocha wa kweli. Kocha huyo aliitwa Enoka. Alikuwa mfupi, mwenye kipara na kitambi, na filimbi haikutoka shingoni mwake hata kanisani. Kipindi cha kwanza watu wa Tabora hawakuamini macho yao. Method alitoa mpira, Malale alichukua hatua zake mbili, mpira ukazama. Mapumziko yalipofika, Mpanda walikuwa wanaongoza, na Tamimu alikuwa anagawa machungwa huku machozi yanamlengalenga.

Kipindi cha pili kilipoanza, Malale aliupata mpira, akageuka kwenye goli alilokuwa akilifunga tangu mwanzo, akapiga hatua mbili, akauzamisha. Wachezaji wa Nyuki walitazamana. Kisha watu wa Tabora wakalipuka kwa vifijo. Malale, ambaye mpaka hapo hakuwa ameshangiliwa na wageni, alitabasamu akapunga mkono. Sheria inasema waliofungwa ndio wanaoanzisha mpira, na wanauanzisha palepale chini ya goli lao. Method akauchukua mpira. Kazi yake ilikuwa kumpa Malale. Akampa. Malale alikuwa amesimama chini ya goli. Hakuhitaji hata hatua. Akauzamisha tena.

Walirudia mara ya tatu kabla Tamimu hajafanikiwa kumfanya mwamuzi amsikie akiomba muda.

"Malale! Goli letu ni lile kule!"

"Lile? Si tulikuwa tunafunga hili?"

"Tumebadilishana!"

"Nani kabadilisha? Mbona mimi sikuambiwa?"

"Ndo sheria! Kipindi cha pili mnahama!"

Malale aliyatazama yale magoli mawili, moja baada ya jingine. Kwao Kawajense hapakuwa na pa kuhamia. "Mzee Tamimu," alisema kwa uchungu, "mtu anahamaje boma katikati ya kazi?"

Method alikuwa amejifunika uso na jezi. Walipoteza mechi kwa pointi tano, na aliyeweza hesabu alijua pointi sita zilitoka wapi. Malale alikaa kwenye saruji akakataa chungwa.

Kocha Enoka alikuja akasimama mbele yake. Kwa kuwa Malale alikuwa amekaa, macho yao yalilingana.

"Wachezaji wangu nawafundisha kuzamisha mpira namna hiyo mwaka wa nne sasa," Enoka alisema. "Hakuna hata mmoja anayeweza. Wewe umefanya mara tatu kwenye goli la kwenu. Ukiambiwa la adui ni lipi, itakuwaje?" Kisha akamgeukia Tamimu. "Baba yake anaishi wapi?"

Wiki mbili baadaye, Enoka aliteremka stesheni ya Mpanda akiwa na suti ya kahawia. Tamimu alimpokea, akamuonya njiani.

"Mzee Manyanda ni mtu wa heshima. Hatuwezi kufika tu na kusema tunamtaka mtoto wake. Tutazunguka kidogo. Niachie mimi."

Walipofika Misunkumilo, Malale alikuwa ameenda kunywesha ng'ombe. Hakuwa amemwambia baba yake chochote. Alikuwa anangoja siku ambayo baba atakuwa na furaha, na ng'ombe walikuwa na kupe. Mzee Manyanda aliwapa wageni viti, akaita kaka zake wawili wakae naye, kwa sababu mtu aliyevaa suti haji kuuliza njia. Mkewe, Mariana, aliweka maziwa akarudi jikoni, akaacha mlango wazi kidogo.

Tamimu alikohoa. "Mzee, sisi tumesikia hapa kwako kuna mali nzuri. Hatukuja kuiba, tumekuja kuomba. Huyu mwenzangu ametoka Tabora kwa ajili hiyo tu."

Manyanda aliwatazama kaka zake, nao wakamtazama. Christina alikuwa ametimiza miaka kumi na nane.

"Huyu ndo mwenyewe?" Manyanda aliuliza, akimpima Enoka kuanzia kipara mpaka viatu.

"Ndiye mwenyewe."

"Umri umesogea kidogo."

"Lakini ana uzoefu, mzee. Ameshalea wengi."

"Wengi?"

"Kwa sasa anao kumi na wawili," Tamimu alisema kwa fahari.

Kaka mmoja alipaliwa na maziwa. Manyanda alisogeza kiti chake mbele. Ng'ombe wake walikuwa wengi, lakini mke alikuwa naye mmoja tu, na alijua kazi ya kumtunza. "Kumi na wawili. Na wote anawatunza?"

"Wanakula pamoja, wanalala nyumba moja," Enoka alijibu mwenyewe, akifurahi kwamba mazungumzo yamefika kwenye mambo anayoyajua. "Hawagombani. Na alfajiri nawaamsha wote nawapeleka uwanjani, nawakimbiza mpaka jua litoke. Asiyekimbia hali."

Manyanda hakuwa amewahi kusikia nyumba yenye nidhamu kama hiyo. Aliinua mkono, na huko nyuma ya nyumba mbuzi akaanza kulia. Mariana alikuwa ameshatoka jikoni mbio kumtafutia Christina khanga mpya. Lakini Christina alikuwa nyuma ya mlango muda wote, na sasa mlango ulifunguka kwa kishindo.

"Baba, mimi simtaki!" Alimnyooshea Enoka kidole. "Mfupi, ana kipara, halafu nikawe wa kumi na tatu? Nikakimbizwe alfajiri? Simtaki!"

Enoka alisimama, filimbi ikamgonga kitambi. "Mama, samahani. Wewe ni nani?"

"Kwani nyie mmekuja kumwomba nani?"

"Malale," alisema Enoka.

Kaka zake Manyanda waligeukia nyuma ya nyumba. Yule mbuzi alikuwa ameshanyamaza, na hakuna ambaye angeweza kumrudisha.

"Malale," Manyanda alisema polepole, "ni mwanamume."

"Tunajua, mzee."

"Mnajua!"

Tamimu aliruka katikati, akaacha kuzunguka. Alieleza yote kwa pumzi moja: mpira, Tabora, timu, mkataba. Christina alianza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini mlangoni, na wanawake na mabinti wa jirani waliokuwa wamekuja kuchungulia posa nao wakacheka bila kujua ni nini. Manyanda peke yake hakucheka.

"Sawa. Ni mpira. Nauliza kazi. Atafanya kazi gani?"

"Kucheza."

"Akimaliza kucheza?"

"Anapumzika ili acheze tena."

Manyanda aligeuka kwa kaka zake kama mtu anayeomba mashahidi. Enoka aliona jahazi linazama, akakumbuka jambo. "Kwenye kampuni ataandikwa mlinzi wa ghala la asali."

"Aah!" Mzee alijipiga paja. "Mlinzi! Mngesema tangu mwanzo!"

Hapo ndipo Malale alipotokea na ng'ombe, akakuta umati kwake, mbuzi amening'inizwa, na kocha wa Tabora katikati. Alitaka kugeuka arudi mtoni. Baba yake akamwita.

"Hawa wanakutaka. Mimi nitabaki na nani wa kuchunga? Sema mwenyewe, unataka kwenda?"

Malale aliweka fimbo yake chini. Hakuwa mtu wa maneno mengi. "Baba," alisema mwishoni, "pale uwanjani ndipo mahali pekee ambapo watu hawajaniambia niiname."

Manyanda alimtazama mwanawe, na ikawa lazima ainue kichwa sana kumtazama. Kwa mara ya kwanza hakutoa mfano wa babu. Mariana ndiye aliyeuliza.

"Huko atalala wapi?"

"Tutamtafutia kitanda, mama," alisema Enoka.

"Mtatafuta viwili," Mariana alisema, "mviunganishe." Akarudi jikoni haraka, na moshi wa kuni ukapewa lawama ya macho yake mekundu.

Mbuzi akaliwa. Wageni waliondoka na Malale wiki ileile.

Tabora, Malale aliandikwa mlinzi, na kwa kuwa baba yake alimwambia mtu anayelipwa kulinda alinde, alilinda. Enoka alimkuta mara mbili akiwa amesimama mlangoni pa ghala saa ya mazoezi, hataki kutoka mpaka apatikane wa kumpokea. Kisha Jumapili moja alikuja bwana mmoja mnene, amevaa kaptura na kandambili, akataka kuingia ghalani.

"Una kibali?" Malale alimuuliza.

"Kibali? Unanijua mimi?"

"Sikujui. Ndo maana nauliza kibali."

Yule bwana alijaribu kupita. Malale akamshika chini ya makwapa, akamwinua kama alivyokuwa akiinua ndama waliokwama kwenye tope, akampeleka nje ya geti, akamsimamisha taratibu, akamfuta vumbi begani. Jumatatu ikajulikana kwamba yule alikuwa meneja mkuu.

Malale aliitwa ofisini. Alikwenda na sanduku lake kabisa. Meneja alimwangalia kwa muda mrefu kutoka nyuma ya meza, na inaonekana alipendelea meza iendelee kuwa hapo katikati.

"Wewe usilinde tena," alisema. "Mshahara utapata uleule. Kazi yako ni kucheza tu."

Kwa namna hiyo, katika timu nzima ya Nyuki iliyokuwa na makarani, madereva na mafundi wa mashine, Malale akawa wa kwanza kulipwa kwa kucheza peke yake. Hakumwambia baba yake. Alifanya mazoezi mpaka magoti yakavimba, akajifunza kudunda kwa mkono wa kushoto, akajifunza kutoa mpira kwa wenzake, jambo lililomuuma kuliko magoti. Msimu wa pili hakuna aliyekuwa anamcheka tena. Watoto wa Tabora walikuwa wanakuja kusimama karibu naye, wapime wanamfika wapi.

Mwaka 1997 Mzee Manyanda alikuwa anakwenda Shinyanga kwenye harusi ya mpwa wake, akabadilisha treni Tabora. Alikuwa na jioni nzima ya kungoja, akaenda kumtafuta mwanawe ghalani. Mlinzi aliyemkuta getini hakuwa mrefu hata kidogo. "Malale? Yuko uwanjani, mzee. Leo wanacheza na watu wa Dar."

Manyanda alifuata kelele. Alipenya kati ya watu kwa msaada wa fimbo yake, akafika mbele, na kitu cha kwanza alichokiona ni Malale, amevaa kaptura, akirukia mpira, na jitu moja la Dar likimchoma kiwiko mbavuni. Malale akaanguka. Filimbi ikalia. Watu walipotazama tena, katikati ya uwanja alikuwepo mzee wa Kisukuma mwenye fimbo juu.

"Mzee, tafadhali toka," mwamuzi alimwomba.

"Huyu anampiga mwanangu, na wewe unapuliza filimbi tu!"

"Nimepuliza kwa sababu hiyo hiyo, mzee. Amefanya faulo. Mwanao anapewa mipira miwili ya bure."

Fimbo ilishuka kidogo. "Ya bure?"

"Ya bure."

"Na hakuna atakayemzuia?"

"Hakuna atakayemgusa."

Manyanda alifikiri. "Na imeamuliwa sasa hivi? Hakuna kuambiwa rudi wiki ijayo?"

"Sasa hivi, mzee."

"Basi hii ni haki," Manyanda alisema, akimpa mwamuzi mkono. "Hata mahakama ya mwanzo haijanifanyia hivi." Akatoka kwa heshima zote. Enoka alimkalisha kwenye benchi kati ya wachezaji wa akiba, akampa soda. Malale, aibu imemjaa mpaka masikioni, alirusha mipira yake miwili, akakosa yote.

"Mpeni mingine!" baba yake alipiga kelele kutoka kwenye benchi.

Baada ya hapo Malale alicheza kama mtu anayefukuzwa. Nyuki walishinda. Mechi ilipokwisha, viongozi wa ile timu ya Dar walimfuata wakaongea naye kando, kisha akaja kwa baba yake akachuchumaa, ili wasemezane vizuri.

"Baba, wale wananitaka niende kucheza kwao. Msimu ujao."

"Wamesema utalinda nini?"

"Silindi, baba. Hata hapa niliacha siku nyingi. Wananilipa kucheza."

Manyanda alimaliza soda yake mpaka tone la mwisho. Alikuwa na hasira ya kudanganywa, ilikuwa haki yake, lakini aliitafuta akakuta imechanganyika na kitu kingine.

"Yule wa kiwiko naye yuko timu hiyo?"

"Yuko. Tutakuwa wamoja."

"Basi nenda," alisema. "Ni vizuri awe upande wako."

Aliporudi Misunkumilo kutoka harusini, hakuzungumzia harusi. Aliwasimamisha kaka zake uani kama wachezaji wa Dar, akamweka Christina awe mwamuzi, akachukua kibuyu, akawaonyesha Malale alivyopita hapa, akazunguka pale, akaruka. Majirani wakaja. Kibuyu kilipasuka, akaendelea na kofia. Mariana alisimama pembeni, mikono kiunoni, akangoja mpaka mumewe alipokaa chini anahema.

"Nimesikia yote," alisema. "Sasa niambie. Mwanangu amenenepa au amekonda?"

Mzee Manyanda aliivaa tena kofia yake. Aliwatazama kaka zake, lakini hawakuwepo Tabora.

"Sikumwona vizuri," alikiri. "Muda wote alikuwa juu."